Wendland wamebaki na majina, sisi bado tuna lugha

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba naishi Ujerumani, wanafikiria viwanda na magari moshi ya chini ya ardhi. Wilaya ninayokaa mimi, Lüchow-Dannenberg, ni mashamba ya viazi, misonobari na mto Elbe: kilomita za mraba 1,220 hivi, watu hawafiki 50,000. Mimi nimetoka Lushoto, ambako shamba la mtu linaishia ukutani kwa jirani. Mwaka wa kwanza ukimya wa huku ulinitesa.

Wenyewe wanaita Wendland, nchi ya Wawendi, Waslavi waliokuwa hapa zamani. Vijiji vyao bado vimesimama. Nyumba zimekaa duara, zote zinatazama uwanja wa katikati. Kijiji cha Lübeln kina nyumba za zamani zilizohifadhiwa. Ukisogelea ukuta unaona mihimili ya mbao, na kati yake fito zilizokandikwa udongo. Niliupapasa nikamkumbuka bibi, maana nyumba yake ilikandikwa vivyo hivyo.

Lakini Kiwendi chenyewe hakipo. Miaka ya 1720 mkulima wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, aliandika kwamba ana miaka 47, na kwamba yeye na wenzake watatu pale kijijini wakishaondoka, hakuna atakayejua vizuri mbwa anaitwaje kwa Kiwendi. Watu walikuwa wakichekwa kwa kukizungumza, wakakificha. Karne ile haikuisha kabla lugha haijafa. Limebaki jina la Lüchow, la Satemin, na mengine mengi ambayo wenye vijiji hawajui tena maana yake bila kuambiwa na wataalamu.

Wala si watu wanyonge hawa. Mwaka 1977 serikali ilipochagua Gorleben kuwa mahali pa kuzika taka za nyuklia, wakulima walipinga, na mwaka 1979 wakaendesha matrekta yao mpaka Hannover. Hawakuchoka mpaka Gorleben ilipoondolewa kwenye orodha mwaka 2020. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Wajerumani waliiita Lushoto Wilhelmstal. Jina lao limeondoka na Kishambaa kipo. Barabara za huku ni nzuri, daktari anapatikana, sikatai. Ila mtu akinishawishi kwamba Kishambaa ni lugha ya washamba, nitambishia, kwa sababu nimeona kijiji kizima cha watu waliosoma, wenye mali, wasioweza kusema neno moja la babu zao. Nilipokwenda likizo, watoto wa kaka yangu walikuwa wakisemeshwa na bibi yao kwa Kishambaa na kujibu kwa Kiswahili. Kiswahili nakipenda, ndicho ninachoandikia hapa, lakini kina wasemaji tele.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama, nikampa simu binti yangu wa miaka saba. Nilikuwa nimemfundisha swali moja tu: bibi, mbwa anaitwaje? Mama alimjibu, akaendelea na mbuzi, kuku, kunguru. Walikaa kwenye simu nusu saa.