Ukimaliza mpango wa madeni, usikimbilie kukopa

Kila aliyetoka kwenye mpango wa kulipa madeni hupewa ushauri uleule: chukua mkopo mdogo upesi, ulipe vizuri, alama zako za mikopo, ile namba wakopeshaji wanayokupimia uaminifu, zitapanda. Wafanyakazi wenzako watakuambia hivyo, matangazo yatakuambia hivyo, na wapo wanaolipwa ili wakuambie hivyo. Siupingi wote. Ninachopinga ni hiyo haraka. Mtu aliyemaliza rejesho la mwisho jana, baada ya miaka ya kubana matumizi hadi senti, ana kazi nyingine ya kufanya kabla ya kusaini popote tena. Kazi yenyewe ni kusoma jalada lake la mikopo, yaani kumbukumbu za alivyokopa na alivyolipa.

Dawa ya deni kulipa, hilo halina ubishi. Ila linalopona ni deni, jina linachelewa. Mpango wa kulipa ni makubaliano yako na wadai wako, lakini kumbukumbu zako zinatunzwa na kampuni za taarifa za mikopo, ambazo hazikuwepo mlipokubaliana na ambazo huandika kile tu zinacholetewa. Mdai asipopeleka habari kwamba umemaliza, huko wewe ungali mdaiwa. Wala usitegemee mtu akukumbukie, maana jalada likibaki bovu hakuna anayepata hasara ila wewe.

Kwa hiyo cha kwanza ni cheti, au barua, inayosema mpango umekamilika na lini. Kama hujapewa, idai. Ukishaipata, itunze miaka mingi, kwa sababu madeni huuzwa, kampuni hubadilisha majina, na yule afisa aliyekuwa anakufahamu atahama.

Cha pili ni taarifa yenyewe ya mikopo, na usiishie kwenye moja. Marekani na Uingereza kampuni kubwa ni zilezile tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na mdai halazimiki kupeleka habari kwa zote. Unaweza kukuta moja imeandika umemaliza na nyingine inakuonyesha una malimbikizo. Wengi huogopa kuifungua wakidhani kujichungulia kunashusha alama. Hakushushi hata kidogo. Kinachoweza kuzigusa ni ukaguzi anaoufanya mkopeshaji pale unapoomba mkopo.

Ukiifungua, usianze na ile namba kubwa iliyochorwa kwa rangi juu. Shuka chini, kwenye deni mojamoja. Salio linatakiwa kuwa sifuri. Hali ya akaunti iseme imefungwa au imelipwa. Kama ulilipa sehemu na wadai wakasamehe iliyobaki, itaandikwa hivyo, na mkopeshaji mpya ataipa uzito mdogo kuliko deni lililolipwa lote. Mimi naona ni haki. Hiyo ndiyo habari ya kweli na haina haja ya kupigana nayo. Vita yako ni na makosa, na kosa baya kuliko yote hujificha kwenye tarehe.

Uingereza inafaa kuwa mfano. Pale kuna mpango wa kisheria unaoitwa IVA (Individual Voluntary Arrangement, makubaliano ya hiari na wadai), ambao kwa kawaida huchukua miaka 5 au 6. Kumbukumbu yake hukaa kwenye taarifa miaka 6 tangu mpango ulipoanza, maana yake saa ilikuwa inatembea muda wote uliokuwa unalipa, na aliyemaliza kwa miaka 5 amebakiza kama mwaka mmoja tu. Habari njema, hadi hapo. Lakini kila deni lililoingizwa kwenye mpango lina mstari wake, na kila mstari una tarehe yake ya kushindwa kulipa, nayo pia huhesabiwa miaka 6. Tarehe hiyo haitakiwi kuwa ya baada ya siku mpango ulipoanza. Sasa chukua mdai mmoja mzembe, akaandika tarehe ya mwaka wa tatu wa mpango, au ya siku ulipomaliza. Mpango wenyewe utafutika kwa wakati wake, madeni mengine yatafutika, na hilo moja litabaki peke yake likikuchafulia jina kwa miaka ambayo hukustahili. Hakuna kadi wala mkopo mdogo utakaofidia hasara hiyo. Kuirekebisha hakugharimu zaidi ya barua.

Kila nchi ina hesabu yake. Kanada, mpango wa kisheria uitwao "consumer proposal", yaani pendekezo la kuwalipa wadai, huondolewa kwenye taarifa miaka 3 baada ya kumaliza au miaka 6 tangu kusainiwa, lolote litakalotangulia. Marekani, mpango wa mahakamani wa Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika huondolewa miaka 7 baada ya kesi kufunguliwa. Popote ulipo, uliza maswali mawili: inakaa miaka mingapi, na inahesabiwa tangu lini? Watu huuliza la kwanza wakasahau la pili, na la pili ndilo lenye uzito.

Barua ya kulalamikia kosa iwe fupi. Afisa anayeisoma hataki kusikia ulivyoachishwa kazi wala ulivyougua, hata kama yote ni kweli. Mwandikie hivi: "Akaunti hii ilikuwa ndani ya mpango ulioanza tarehe fulani. Tarehe ya kushindwa kulipa mliyoiweka ni ya baada ya hapo. Naomba irekebishwe. Nimeambatisha cheti." Inatosha. Marekani kampuni ina siku 30 kwa kawaida kuchunguza lalamiko, Uingereza siku 28. Hii ndiyo kazi nzima wanayoifanya wale wanaojitangaza kuwa wasafishaji wa majina, tofauti ni kwamba wao wanakutoza. Marekani ilibidi itungwe sheria mwaka 1996 kuwazuia wasichukue malipo kabla ya kufanya kazi, nadhani hiyo inakueleza biashara yenyewe ikoje. Atakayekuahidi kufuta habari ya kweli, mkimbie.

Ndipo tuje kwenye kujenga. Alama za FICO zinazotumika sana Marekani, kuanzia 300 hadi 850, zinatupa picha nzuri kwa sababu mgawanyo wake uko wazi: asilimia 35 ni jinsi ulivyolipa huko nyuma, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni umri wa historia yako, 10 ni mikopo mipya na 10 ni aina za mikopo ulizonazo. Itazame vizuri. Anayekimbilia mikopo mipya kadhaa kwa mpigo anaongeza maombi na kupunguza wastani wa umri wa akaunti zake, yaani anajiumiza mara mbili kwa jina la kujijenga. Deni moja dogo, lililotulia, linalolipwa kila mwezi bila kukosa, linagusa zile asilimia 35.

(Ni mfumo wa ajabu, nikubali. Anayeishi kwa akiba zake bila kudaiwa na mtu haonekani kabisa, na anayedaiwa kila mahali ila analipa ni mtu wa kuaminika.)

Wengi huanza na kadi ya mkopo inayodhaminiwa na akiba yako mwenyewe. Kabla ya kuweka pesa, uliza kama mtoaji anapeleka kumbukumbu za malipo kwenye kampuni za taarifa. Kama hapeleki, unalipa kwa nidhamu gizani. Ukishaipata, tumia sehemu ndogo ya kikomo na ulipe yote hesabu ya mwezi inapokuja. Kuna uvumi usiokufa kwamba lazima ubakize deni kidogo uliwe riba ndipo alama zipande. Si kweli, na anayenufaika na uvumi huo unamjua.

Chunguza pia umefungamanishwa na nani. Akaunti ya pamoja na mwenza mliyeachana inaweza kuwa bado inaunganisha majalada yenu, ukahukumiwa kwa malipo yasiyo yako. Ifunge, kisha uombe uhusiano huo wa kifedha uondolewe. Kumdhamini ndugu kwa kipindi hiki nako ni kuliweka jina lako mikononi mwa mtu mwingine. Utalaumiwa ukikataa, lakini kataa.

Ningeanza lini? Binafsi ningesubiri jalada liwe safi na niwe na akiba ya kubeba gari likiharibika au mshahara ukichelewa. Wengi waliingia kwenye mpango kwa sababu hawakuwa na akiba hiyo siku kazi ilipokatika au ndoa ilipovunjika. Lile rejesho la kila mwezi tayari umezoea kuishi bila hizo pesa. Liendelee kutoka siku ileile, kiasi kilekile, ila sasa liende kwenye akaunti yako ya akiba. Mkopeshaji wa nyumba, siku ukimfikia, ataangalia malipo ya awali uliyonayo mkononi kwa uzito uleule anaoangalia alama.

Na siku hiyo utakutana na swali ambalo taarifa safi haikuondolei. Fomu nyingine haziulizi kilichomo kwenye jalada leo, zinauliza kama umewahi kuingia kwenye mpango wa madeni. Hata kama kumbukumbu yake ilishafutika, jibu ni ndiyo. Kusema hapana ni udanganyifu kwenye ombi la mkopo, na ukigundulika unaweza kunyimwa mkopo ambao kwa ukweli ungeupata. Andika ndiyo, taja mwaka ulioanza na mwaka uliomaliza, na uambatishe kile cheti.