Taharuki hujengwa kabla makufuli hayajafunguliwa

Chukua hadithi yoyote ya mfululizo inayosambaa WhatsApp au Facebook, uhesabu mwandishi ameandika "ghafla" mara ngapi. Ghafla mlango ukafunguliwa. Ghafla mlio wa bunduki ukasikika. Ghafla mume akatokea. Neno lenyewe halina kosa, ila mara nyingi linaziba pengo: mwandishi alitaka msomaji ashtuke, na hakuwa amemwandalia cha kumshtua. Msimamo wangu ni kwamba tukio la kusisimua likidorora, kasoro huwa haimo ndani ya tukio hilo. Iko kurasa kumi au ishirini nyuma, na huko ndiko pa kwenda kuirekebisha.

Tubuni mfano tuufuate. Zubeda ni mtunza sanduku wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wanawake 25. Sanduku ni la chuma, lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, kama ilivyo desturi ya vikoba vingi. Zubeda hana ufunguo hata mmoja, lakini sanduku hulala kwake. Usiku mmoja amefungua skrubu za bawaba kwa bisibisi, akachukua pesa za kumkopesha kaka yake, akazirudishia skrubu zake. Kilele ni Jumapili ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba: makufuli yanafunguliwa mbele ya wote, kifuniko kinainuliwa.

Mwandishi mwenye haraka atauficha wizi huo mpaka kifuniko kiinuke. Atapata mshtuko wa sekunde moja, kisha atalazimika kusimama katikati ya makelele aeleze habari ya kaka, bisibisi na bawaba. Hapo tukio limekufa. Mwandishi mvumilivu humwonyesha msomaji bawaba zikifunguliwa siku kumi kabla. Jumapili ikifika, wanachama wengine wanaangalia makufuli yaliyo mazima na roho zao zimetulia, msomaji na Zubeda peke yao ndio wanaojua kilichomo. Kila ufunguo unaozungushwa unamkaba koo. Mshtuko ni kumnyima msomaji habari. Taharuki ni kumpa habari ambayo wahusika hawana. Vyote vina kazi yake, lakini mshtuko hauwezi kubeba kurasa nne.

Masimulizi yetu ya kale yalilijua hili. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani, akiwa kifungoni katika kisiwa cha Pate, kutoroka kwenyewe ni kufupi. Kinachotushika ni maandalizi. Tunaambiwa kwamba walinzi hujilia chakula kizuri anacholetewa na mama yake. Kisha Liyongo, kwa wimbo, anamwagiza kijakazi akamwambie mama afanye mkate na kuweka tupa, chuma cha kukerezea, katikati. Mkate ni wa pumba. Walinzi wanakula vizuri, wanamwachia huo mbovu. Ngoma ya gungu inapigwa, na kelele za ngoma zinaufunika mkwaruzo wa tupa kwenye minyororo. Angalia jinsi kila kitu kilivyowekwa kwa sababu. Bila ulafi wa walinzi, tupa isingepita. Bila ngoma, wangesikia. Msimulizi hahitaji "ghafla" hata moja, kwa sababu msikilizaji yumo ndani ya njama tangu mwanzo.

Namna ya kufanya kazi hii ni kwenda kinyumenyume. Andika kilele kwanza kwa mistari mitano tu. Kisha kisome na upigie mstari kila jambo ambalo msomaji lazima alijue ili aogope: makufuli ni matatu na funguo ziko kwa nani; sanduku hulala wapi; bawaba zina skrubu; kikoba kinavunjwa lini; pesa hizo ni za nani na zina kazi gani. Kila jambo ulilolipigia mstari litafutie makao mapema, na lisiende hapo kama maelezo. Lipe kazi nyingine. Habari ya funguo iweke kwenye mkutano wa kawaida ambapo mshika ufunguo mmoja amechelewa na wenzake wanamnunia. Bawaba ilegee kwenye sura ya pili, Zubeda aombe bisibisi kwa jirani aikaze; msomaji atadhani anaonyeshwa mwanamke mwangalifu. Kitu chenye uzito katika hadithi kionekane mara mbili kabla ya kilele: mara ya kwanza kikipita tu, ya pili kikitumika. Mara moja husahaulika. Mara nne, msomaji anaanza kuhisi unamvuta sikio.

Kwa hadithi ya mfululizo, kumbuka kwamba msomaji husubiri siku kadhaa kati ya sehemu na sehemu. Kidokezi ulichokiweka katika sehemu ya tatu kitakuwa kimemtoka kufikia sehemu ya kumi na mbili. Kiguse tena kwa sentensi moja, sehemu moja au mbili kabla ya kilele. Katika riwaya inayosomwa kwa mkupuo, umbali wa sura tatu au nne hausumbui.

Halafu kuna hasara. Hapa ndipo waandishi wengi chipukizi wanaporuka, nami naona ndipo penye uzito kuliko pote. "Pesa za kikundi" hazimuumi mtu. Pesa za Mama Rehema, anayeuza vitumbua tangu alfajiri na amekwisha kumwambia binti yake kwamba Jumatatu anaenda kulipiwa ada, hizo zinauma. Mpe Mama Rehema ukurasa mzima wa kupendwa kabla hujamwibia. Tena mfanye awe ndiye anayemwamini Zubeda kuliko wote.

Kati ya wizi na Jumapili, kaza kamba kwa hatua, na kila hatua ifunge mlango mmoja. Alhamisi kaka anarudisha nusu, si zote. Ijumaa mwenyekiti anasema mgao uanze asubuhi badala ya jioni. Jumapili yenyewe mshika ufunguo wa tatu hatokei, Zubeda anapumua. Kisha anaonekana akija mbio, khanga mkononi. Nafuu hiyo fupi ni ya lazima. Msomaji anayebanwa kurasa sita mfululizo anazoea, na akizoea haogopi tena.

Kwenye kilele chenyewe, lugha yetu inatupa chombo ambacho wengi hawakitumii kwa makusudi. Mfululizo wa -ka- unakimbiza: akaingia, akavuta kiti, akaketi, akauliza. Unafaa kwa mapigano na kufukuzana. Lakini ukiutumia kwenye makufuli matatu, yatafunguliwa kwa sentensi moja na yote uliyojenga yamemwagika. Hapo punguza mwendo kwa -ki- na -na-, na kwa vitu vinavyoonekana: "Ufunguo ulikuwa ukikataa. Bi Mwanahamisi anautoa, anaufuta kwa pindo la khanga, anaurudisha." Kanuni ninayoishika ni kwamba jambo linalochukua sekunde tano lakini linaamua kila kitu lipewe nafasi kubwa kuliko safari ya siku tatu. Alama za mshangao tatu tatu na vitone saba havifanyi kazi hiyo. Wala kisengere nyuma, yaani kurudi kwenye mambo yaliyopita. Kumbukumbu ya utotoni inayoibuka kati ya kufuli la pili na la tatu ni ya kuhamishia sura ya kwanza.

Sadfa nayo iwe upande wa matatizo. Mshika ufunguo akiugua siku hiyohiyo na kuzidisha fitina, msomaji anakubali. Kaka akitokea na pesa zote dakika ile kifuniko kinapoguswa, msomaji ameibiwa kuliko Mama Rehema. Na kumwamsha Zubeda usingizini, kumbe ilikuwa ndoto, ni kumfundisha msomaji asikuamini tena. Sehemu ijayo hata ukichoma nyumba atasubiri mtu aamke.

Limebaki suala la mahali pa kuandika "itaendelea". Wengi wangekata mkono ukiwa juu ya kifuniko. Mimi nisingekata hapo, kwa sababu msomaji anajua pesa zimepungua, na kumsubirisha siku tatu kwa jambo analolijua ni kumchosha. Ningeacha kifuniko kiinuke, kimya kipite, wanawake watazamane. Makufuli yalikuwa mazima. Kwa hiyo macho yote yanawageukia wale watatu wenye funguo, na Mama Rehema anamshika Bi Mwanahamisi mkono, anamuuliza amezipeleka wapi. Zubeda amesimama pembeni, hakuna anayemtazama. Kata hapo, maana sasa msomaji ana swali asilolijua jibu lake: je, atawaacha wenzake wabebe?