Wanaokwenda Fungate Ugiriki Watafute Kisiwa Kisicho na Uwanja wa Ndege

Neno fungate, kwa Kiswahili cha zamani, lilikuwa na maana ya saba, na ndiyo sababu watu wa mwambao waliziita hivyo siku saba za mwanzo wa ndoa, ambazo maharusi walikaa ndani, wakaletewa chakula, na wala hakuna aliyewatarajia kuonekana barabarani. Siku hizi tumelichukua neno hilohilo tukalibandika kwenye safari yenye ratiba: siku mbili hapa, siku mbili kule, na masanduku yanayofungwa na kufunguliwa kana kwamba maharusi ni wachuuzi. Sina ugomvi na safari, kwani hata mimi na mume wangu tulisafiri. Ugomvi wangu ni na safari inayoinyang'anya fungate ule ukaaji wake, na katika visiwa vya Ugiriki kosa hilo ni rahisi mno kulifanya, kwa kuwa meli zipo nyingi na kila kisiwa kinaonekana kuwa karibu na kingine.

Wengi wakiitaja Ugiriki huwa wanaifikiria Santorini, na siwalaumu, kwa sababu nyumba zile nyeupe zilizojipanga ukingoni mwa volkano iliyozama baharini zinastahili sifa zake. Hata hivyo, kisiwa hicho chenye wakazi wapatao 15,000 kilipokea wageni takriban milioni 3.4 mwaka 2023, na wingi wa meli za kitalii umewalazimu wenyeji kuweka kikomo cha abiria 8,000 kwa siku. Jioni, katika kijiji cha Oia, watu husimama bega kwa bega vichochoroni, simu zikiwa juu, wakingoja jua lizame. Bi harusi anayetafuta faragha mahali pale angeweza pia kuitafuta Kariakoo mkesha wa Idi.

Kanuni yangu, ambayo nimewaambia marafiki wawili na mmoja tu akanisikiliza, ni kuchagua kisiwa kisicho na uwanja wa ndege. Katika visiwa vya Cyclades vipo vya kutosha, vikiwemo Sifnos, Folegandros na Amorgos, ambavyo hufikiwa kwa njia ya bahari peke yake, na safari hiyo ndiyo inayowachuja wageni wenye haraka. Sisi tulichagua Amorgos, penye wakazi wapatao 2,000, tukapanda meli ya polepole katika bandari ya Piraeus katikati ya Septemba, tukakaa baharini zaidi ya saa saba.

Ndugu zetu walituuliza kwa nini tusingekwenda Unguja, ambako bahari ni ileile na gharama ni nafuu. Swali lao lilikuwa la haki, lakini mtu wa Tanga mwenye shangazi wawili Pemba na binamu wasiohesabika Unguja hawezi kukaa fungate huko bila ya kupitishwa nyumba kwa nyumba akila pilau. Tulichokwenda kukitafuta mbali ni mahali ambapo hakuna anayetujua.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye monasteri ya Hozoviotissa, jengo jeupe lililogandamana na jabali kama kiota cha mbayuwayu, mita 300 hivi juu ya bahari, ambalo historia yake inahusishwa na mfalme Alexios I Komnenos na mwaka 1088. Jengo lina ghorofa nane, lakini upana wake haufiki mbali, kama mita 5 tu, na mlango wake ni mfupi kiasi kwamba kila anayeingia huinama, apende asipende. Wanawake wanatakiwa kuvaa sketi, nami nilikuwa nimevaa suruali, kwa hiyo nilitoa khanga mkobani nikajifunga kiunoni. Mtawa mmoja mzee alitaka kujua maandishi yale yalisema nini, na mume wangu akahangaika kumfasiria jina la khanga, "Wema hauozi," kwa Kiingereza ambacho wote wawili walikuwa wamekiazima. Wageni hukaribishwa kinywaji kikali kilichotiwa asali, pamoja na lukumu. Sisi tulichukua maji na lukumu, ambayo ulaini wake ulinikumbusha halua, ingawa haina samli wala iliki.

Baada ya hapo hatukwenda popote pa maana. Alasiri kijiji chote cha Chora hunyamaza, madirisha hufungwa, na hata watoto huitwa ndani, kwani huo ni wakati wa mapumziko unaoheshimiwa kama Mji Mkongwe maduka yanapofungwa adhuhuri. Jioni tulikula patatato, yaani mbuzi aliyepikwa polepole na viazi na nyanya, chakula ambacho bibi yangu angekitambua mara moja, kisha akalalamika kwamba hakina pilipili.

Nisifiche taabu zake. Viza ya Schengen, yaani ile ya kuingilia Ugiriki na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa kila mtu mzima, hutaka bima ya afya ya angalau euro 30,000, na makaratasi yake yanachosha. Vilevile upo upepo wa kaskazini uitwao meltemi, mkali zaidi Julai na Agosti, ambao ukizidi meli huzuiwa kuondoka bandarini, kwa hiyo asiyeacha walau siku moja ya akiba Athens kabla ya ndege yake anajitafutia balaa. Sisi, pamoja na kwamba Julai na Agosti zilikwisha kupita, tulizuiliwa usiku mmoja zaidi, na sikumsikia mume wangu akinung'unika.

Kabla ya hapo, asubuhi ya siku ya tano, nilifungua mlango nikakuta kizingitini sahani ya tini zilizoiva, imefunikwa kitambaa cheupe. Mama mwenye nyumba hakuwa amebisha hodi. Nilimwona amekwisha kufika mwisho wa kichochoro na kapu lake mkononi, wala hakugeuka nyuma.