Manjano ya watoto wachanga: mwanga upo, utafiti wa nini tena?

Kila wahisani wakitoa pesa kwa utafiti wa manjano kali ya watoto wachanga, lawama huwa ile ile: tiba inajulikana tangu miaka ya 1950, mnatafiti nini? Ni kweli. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Sista Ward alikuwa akiwatoa watoto juani, na mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepungua manjano mwili mzima isipokuwa pale shuka lilipomfunika. Miaka miwili baadaye daktari Cremer na wenzake wakachapisha habari za taa ya kutibu manjano hayo. Basi nunueni taa, wanasema, mzigawe wodini.

Hoja hiyo siidharau. Bilirubini, ile kemikali ya mwilini inayoleta manjano, ikipanda haimsubiri mtafiti. Ikifika kwenye ubongo inaweza kumwachia mtoto uziwi na mwili unaojipinda maisha yake yote.

Lakini taa bila umeme ni pambo tu. Mwaka 2015 daktari Tina Slusher na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Lagos, Nigeria, lililofadhiliwa kwa sehemu na mfuko wa hisani wa Thrasher. Watoto 447 waligawanywa: wengine chini ya taa, wengine nje, ndani ya kibanda kilichoezekwa plastiki ya tinti, mfano wa ile ya vioo vya magari, inayozuia miale ya kuunguza na kupitisha mwanga wa buluu unaotibu. Kibanda kilifanya kazi yake katika asilimia 93 ya siku za matibabu, taa asilimia 90.

Sisemi jua liliishinda taa. Halikushindwa, na kwa wodi inayokatikiwa umeme hilo ni jambo kubwa mno. Kampuni gani ingelipia kuthibitisha kitu kisichouzika kama jua? Ndiyo maana pesa za hisani zina nafasi yake hapa.

Jaribio hilo lilionyesha na jingine: joto la mwili lilipita nyuzi 38 kwa asilimia 5 ya watoto wa kibandani, dhidi ya asilimia 1 ya wale wa kwenye taa. Nikisoma hapo namkumbuka mama barazani asubuhi, kaambiwa "mwanike mtoto", kamfunua kanga, kiganja chake kimemkinga macho. Hana kipimajoto. Hakuna aliyempima mtoto bilirubini, na kwenye ngozi nyeusi manjano hujificha. Kama ni kali, ile nusu saa ya jua inamchelewesha tu kufika hospitali. Tusingeweza kumweleza tofauti ya kibanda kile na kumwanika mtoto juani bila watu waliokaa kupima.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni baada ya hapo. Mfadhili akiondoka siku makala inapochapishwa, ameiacha kazi katikati. Kibanda kinataka fundi wa kubadilisha plastiki ikichakaa, na muuguzi wa kuwapima watoto joto kutwa nzima, na mshahara wa muuguzi huyo mara nyingi haumo kwenye ruzuku ya utafiti.