Sampuli Ndani ya Tui

Amfipoda, mnyama mdogo wa majini mwenye miguu mingi, hatumbukizwi hai ndani ya spiriti ya kuhifadhia. Hujikunja, hupukutisha miguu, na asiye na miguu kumpa jina ni kazi. Kwanza hutulizwa kwa baridi: bakuli la maji ya bahari, friji, kama saa moja hivi. Baada ya hapo ndiyo spiriti ya asilimia 70, au 95 ikiwa DNA yake itapimwa.

Hivyo ndivyo bakuli langu lilivyoingia kwenye friji ya Shangazi hapa Lamu, limejaa kila nilichokikung'uta kutoka nyasi za bahari za Shela na kukinasa kwenye chekecheke la tundu za nusu milimita. Ndani yake, karatasi: "Amfipoda, isopoda, misida. Shela." Nikaenda dukani kutafuta spiriti.

Niliporudi, harufu ya kitunguu na nazi ilinipokea mlangoni.

"Ndoo ule," Shangazi akaniita. "Huu uduvi wako wa yeo ulikuwa mchanga mtupu. Nimeuosha maji matatu!"

"Shangazi, hao si uduvi."

"Wadogo, wana miguu, watoka baharini. Ni nini basi, kuku?"

Nikamweleza. Uduvi ni jamaa wa kamba. Jike huyaachia mayai majini akaenda zake. Hawa ni Perakarida, kundi moja la amfipoda, isopoda na misida: jike ana mfuko chini ya kifua, humo hulea mayai mpaka vitoto vitoke.

Mjomba akasitisha tonge. "Wenye mayai ni wepi?"

Ikabidi nianze uainishaji kwa kijiko. Miguu ilikwishabaki sufuriani, kwa hiyo kuhesabu jozi saba za kifuani hakukuwezekana. Umbo ndilo lililoniokoa. Amfipoda amebanwa ubavu kwa ubavu, hivyo juu ya wali hulala upande. Isopoda amebanwa juu kwa chini, hulala kifudifudi. Misida ndiye mwenye hila: ana gamba la mgongoni na sura ya kamba kabisa. Ila gamba lile halikushikamana na pingili za mwisho za kifua, na mkiani ana vijiwe viwili vya kumsaidia asipoteze mizani.

"Kumbe ndivyo vinavyonikwaruza meno," Mjomba akasema.

Hapana. Vijiwe vile ni vidogo mno kwa hilo. Ule ulikuwa mchanga, na sikumwambia mbele ya Shangazi.

Shangazi akanipa karatasi inayochuruzika tui. "Na risiti yako hii, ilikuwa mle ndani."

Kila neno lilisomeka. Lebo huandikwa kwa penseli kwa kuwa spiriti hufuta wino. Kumbe hata nazi haiiwezi penseli. Lebo safi, sampuli hakuna.

"Hawa wenye mfuko," Mjomba akauliza, akiivuta sahani upande wake, "hujaa zaidi mwezi gani?"