Mgonjwa mwenye hofu mnambembeleza, mwanafunzi mnamkaripia

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia voisi, amerekodi kwa kujificha darasani, nikaisikiliza mpaka posho, huo ugali wetu, ikaungua. Yuko mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi, mtihani wa bodi umekaribia, na hapo kwenye voisi kuna tyuta, mwalimu wao, anaongea kwa raha zake: "Nikiwaangalia hapa naona wengine tayari mko sokoni mnaniuzia nyanya." Darasa likacheka, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Halafu akaendelea kuwaambia huu mtihani si wa kila mtu, kwamba watahini wa mwaka huu ni wakali kuliko wa mwaka jana, kwamba yeye ashaona watu wamezimia mlangoni.

Kwanza nyanya. Mama yangu aliuza nyanya hapa Busia, upande wa Uganda, na karo yangu ya uuguzi ilitoka kwenye hizo nyanya, ilifika shuleni kwa noti ndogo ndogo zilizokunjwa. Kwa hiyo hilo la nyanya, mheshimiwa tyuta, tumelimaliza.

Sasa tuje kwa lingine. Sisi wote tuliopita shule ya uuguzi nchi hii tumeandika kea plani, ule mpango wa kumhudumia mgonjwa, ya mgonjwa mwenye hofu mpaka vidole vikauma. Unaijua hata ukiamshwa usingizini. Kaa na mgonjwa, usimwache peke yake. Ongea sauti ya chini, sentensi fupi. Mweleze utakachomfanyia kabla hujamgusa. Punguza kelele. Mwache aseme kinachomtisha. Usimpe matumaini ya uongo. Ukienda zamu za saikayatri pale Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, unafundishwa hivyo hivyo, na ukimpandishia mgonjwa sauti unaitwa pembeni na sista na unaelezwa ukweli wako. Yaani tunakubaliana sote, kwa maandishi, na kwa alama za mtihani, kwamba mtu mwenye hofu hatishwi zaidi. Halafu Jumatatu tyuta huyo huyo aliyekusahihishia hiyo kea plani kwa peni nyekundu anasimama mbele ya vijana ambao hawajalala wiki nzima na kuwaambia wengine watazimia mlangoni. Hii inaitwaje? Au ile kea plani ilikuwa ya wagonjwa wa kwenye karatasi tu?

Watasema ni utamaduni, "sisi tulipita hivyo hivyo". Najua mlipita, na najua pia kuna wenzenu walioanguka wakiwa wanajua kazi kuliko nyinyi, na hao hamuwakumbuki kwa sababu hawakurudi kusimulia.

Nitatoa mfano mmoja wa chumba cha praktiko, ule mtihani wa vitendo, kwa sababu nimechoka na watu wanaoongea habari ya stresi kama upepo tu. Unaingia, kuna kitanda, mdoli amelala, meza ina trei, na mtahini amekaa na karatasi lake la alama, hakuitikii salamu. Kadi mezani inasema mgonjwa apewe normo salaini, yale maji ya chumvi ya dripu, mililita 500 kwa saa 4, seti (mrija wa dripu) ni ya matone 20 kwa mililita, toa matone kwa dakika. Hesabu ya mtoto: 500 mara 20 ni 10,000, gawanya kwa dakika 240, unapata 42 ukikadiria. Wodini unaifanya huku unapiga stori za mechi. Mwenzetu mmoja, na huyu ndiye tuliyekuwa tunamuuliza hesabu darasani, aliandika 125. Unaona alipotokea? Aligawa 500 kwa 4, akapata mililita kwa saa, akasimama hapo hapo, akaandika matone. Anajua kabisa tofauti, alitufundisha sisi hiyo tofauti. Matone 125 kwa dakika chupa inaisha kwa dakika 80 badala ya saa 4, na kama huyo ni mtoto au mgonjwa wa moyo, umemjaza maji mapafuni. Alipotoka nje tu akakumbuka, akakaa chini kwenye nyasi na sare yake nyeupe.

Hiyo ndiyo kazi ya hofu. Haifuti ulichosoma. Inachukua ile nafasi ndogo ya kichwa unayoitumia kushika namba mbili tatu kwa pamoja, na hesabu ya dripu inataka nafasi hiyo hiyo, maginiziamu ya eklampsia, kile kifafa cha mimba, nayo inataka hiyo hiyo (gramu 4 kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, na kabla hujarudia dozi uangalie pumzi, rifleksi ya goti na mkojo). Sasa mtu ambaye nusu ya kichwa inasikia "nyanya, nyanya" atazishika wapi hizo zote?

Haya, nitawapa kitu kimoja kabla hamjanirukia. Hofu kidogo inasaidia, hata kwenye saikolojia tulisoma habari za Yerkes na Dodson, wale wa panya wa mwaka 1908, kwamba bila msukumo wowote mtu hajifunzi na ukizidi anaharibika, hasa kazi ikiwa ngumu. Sawa. Na kuna wanafunzi wavivu ambao bila kutishwa kidogo wangesoma TikTok mpaka siku ya pepa. Sawa pia. Lakini hao mnawajua kwa majina, waiteni ofisini muongee nao, msilipue bomu darasa zima kwa ajili ya watu watatu.

Na nyumbani nako si salama sana, msifikiri nawabebesha tyuta peke yao. Huko wana ugonjwa wa upande wa pili, ule wa matumaini ya uongo. "Utapita tu mwanangu, nimeshakuombea." "Kwanza wewe una akili za babu yako." Shangazi yangu alinitumia kalamu iliyoombewa kanisani, niliishika kwa heshima na kuandikia kwa nyingine. Ukimwambia mtu utapita tu umemfungia mlango, hawezi tena kukuambia kwamba pepa ya pili inamtisha, ataonekana hana imani. Mdogo wangu hakutaka nimwambie atapita. Alitaka mtu wa kumsikiliza akilalamika kuhusu huyo tyuta, nikamsikiliza, tukamtukana kidogo kwa Kisamia, akalala.

Kuhusu karo na klirensi, ile ruhusa ya shule ya kuingia mtihani: mnaomfukuza mtahiniwa getini kwa salio siku ya kuamkia mtihani, mimi sina maneno yenu hapa, nitawaachia wazazi.

Ila usingizi nina maneno. Kuna shule zinamweka mwanafunzi zamu ya usiku wodini mpaka wiki ya mtihani yenyewe, eti wodi ina watu wachache. Ni kweli ina watu wachache, mimi nafanya kazi helthi senta ya tatu, yaani kituo cha afya cha ngazi ya tatu, siku nyingine niko peke yangu na mama wawili wanaojifungua kwa wakati mmoja, sihitaji kuhubiriwa kuhusu upungufu. Lakini mwanafunzi si wa kuziba pengo la serikali. Mliosoma fiziolojia mnajua ubongo unapanga ulichosoma mtu akiwa amelala, na mtu aliyekesha anatoka wodini asubuhi, anasinzia, anaamka saa kumi jioni kichwa kizito, anafungua noti zile zile ukurasa ule ule. Halafu anaingia kwenye kahawa. Halafu zile enaji dirinki za kwenye chupa ya plastiki. Kahawa ya saa nne usiku nusu yake bado iko kwenye damu saa tisa, kwa hiyo umekunywa ukeshe leo na umekesha na kesho bila kupenda. Wengine wanahamia kwa mairungi, yaani miraa, nawajua, tunapishana nao huku barabarani mashavu yamevimba.

Na hawa wa vidonge ndio wananiogopesha kweli. Ninyi ni wauguzi jamani, funguo za kabati la dawa mnazishika. Kuna mtindo wa kupeana propranolo, dawa ya kushusha mapigo ya moyo, kabla ya praktiko ili mikono isitetemeke, mtu anampa rumeti bila kuuliza kama ana pumu, na hilo ni swali la kwanza kabisa kwa dawa hiyo, mmelijibu kwenye pepa ya famakolojia na mkapata tiki. Wengine diazepamu, ile ya kutuliza na kulaza. Diazepamu! Dawa inayojulikana kwa kusahaulisha, unaimeza usiku wa kuamkia mtihani wa kukumbuka. Siwezi hata kucheka.

Wenzetu wa Kenya, upande wa pili wa mpaka, nao wana mtihani wa leseni wa baraza lao, nikivuka kwenda kununua vitu nasikia malalamiko yale yale kwa lafudhi tofauti. Na wale wenye ndoto za Marekani wanasomea NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, huo ni wa kompyuta, swali linalofuata linachaguliwa kulingana na ulivyojibu yaliyopita, unaweza kuishia swali la 85 au ukuvute mpaka la 150, saa 5 kwa jumla. Mashine ikikata kwa 85 mtu anatoka hajui kama amefanya vizuri sana au ameharibu vibaya sana, anakaa na hilo tumboni mpaka majibu yaje. Kwa hiyo hofu haiishi hata ukipanda ndege. Tofauti ni kwamba kompyuta haikukunjii uso.

Mtaniuliza basi tufanye nini, maana kulalamika rahisi. Zile orodha za kunywa maji na kuwaza mazuri mimi zinanikera, ila nikubali shingo upande kwamba ile ya pumzi inafanya kazi: ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, vagus, ile neva namba kumi, inashusha mapigo, utajipima mwenyewe kwenye kifundo cha mkono ukitaka. Fanya nje ya mlango kabla hujaitwa.

Kubwa kuliko hiyo ni kufanya praktiko kwa mdomo, kwa sauti, mbele ya mtu. Si kusoma hatua kitandani ukitikisa kichwa. Simama, trei hata iwe sinia la chai, mdoli awe mto, na umwambie mwenzako akae kama mtahini, asikuitikie salamu, asitabasamu, aandike andike karatasini hata kama anachora kuku. Mara ya kwanza utacheka, mara ya pili utakasirika, baadaye unamzoea. Tulifanya hivyo bweni letu, na siku nilipoingia chumba chenyewe, yule mama wa karatasi la alama alikuwa amenuna kuliko rafiki yangu, lakini midomo yangu ilikuwa imeshaanza yenyewe: nimenawa mikono, nimejitambulisha, nimethibitisha jina la mgonjwa. Ukishafika jina la mgonjwa umeshatoka kwenye shimo.

Pepa ya kuandika, dakika ya kwanza tupia fomula zako zote kwenye karatasi ya rafu kabla hujasoma swali hata moja. Na pepa ikiisha ondoka. Ile postmotemu mnayofanya chini ya mwembe, "namba saba uliandika nini, eeh mimi niliandika B", haijawahi kuongezea mtu alama, ila imewaharibia wengi pepa ya mchana.

Na ukianguka pepa moja, utairudia awamu inayofuata. Nalisema hili kwa sababu shule nyingi hazilisemi, zinaacha mtoto aamini kwamba hapo ndipo dunia inaishia. Mkunga wetu mzuri kuliko wote hapa alirudia pepa. Baraza likishakuandikisha na kukupa leseni hakuna mama aliyeko leba atakayekuuliza ulipita awamu ipi, anachouliza ni kama mtoto analia.

Tyuta, ukisoma hii, sikuombi ubembeleze mtu wala ulegeze alama hata moja. Ingia darasani kesho, waambie steshoni, zile meza za praktiko, zinaendaje, kila moja ina dakika ngapi, mtahini haitikii salamu kwa sababu ndivyo anavyotakiwa na si kwamba anakuchukia, kisha wape nusu saa waulize maswali ya kijinga. Na inchaji wa wodi, rota ya wiki ijayo bado hujaibandika ukutani, toa majina ya watahiniwa kwenye zamu za usiku sasa hivi. Watakaobaki kwenye zamu wakishindwa nipigieni, nina ofu Jumatano.