Mapipa Manne na Mimi

Nilikuja Ujerumani kusomea uhandisi, nikiwa nimefaulu mitihani iliyowaliza wenzangu wengi, lakini leo ni siku ya tano tangu niingie katika nyumba ya familia iliyonipokea na bado sijafaulu kutupa kikopo kimoja cha mtindi.

Msidhani natania. Nyuma ya nyumba yamesimama mapipa manne: la bluu ni la karatasi, la manjano ni la vifungashio, la kahawia ni la maganda na mabaki ya chakula, na jeusi ni la kila kilichokosa kwao. Siku ya kwanza nilikitia kikopo changu katika la manjano nikaondoka kifua mbele, nikijiona mwenyeji. Mama wa nyumba alikitoa, akakishika kwa vidole viwili kama aliyekamata panya mkiani, akanieleza kwa upole wa kutisha kwamba kifuniko cha alumini lazima kibanduliwe kabisa, kwa kuwa mitambo ya kuchambua taka hutatizwa na vitu viwili vilivyoshikana. Kijerumani changu cha miezi sita kiliambulia "mitambo" na "hapana". Mengine nilitafsiriwa kwa ishara na mwanawe wa miaka tisa, mwenye uso wa mwalimu aliyekata tamaa.

Mama huyu, niwaambie tu, ameniomba nimwite kwa jina lake bila kutanguliza chochote. Ulimi wangu umekataa katakata. Kwa hiyo simwiti kabisa. Nikimhitaji, husimama karibu naye nikikohoa mpaka ageuke.

Dirisha nalo lilitaka kuniua. Kitasa ukikilaza, hufunguka kama mlango. Ukikielekeza juu, dirisha zima hukuinamia kwa ndani. Usiku wa pili nilikielekeza juu. Nililidaka kwa mikono miwili, nikiamini kwamba nimeling'oa, nikasimama hivyo dakika ishirini bila kuita mtu, maana ilikwisha kupita saa nne usiku na nilikuwa nimeonywa kwamba kuanzia saa hiyo kelele ni marufuku.

Turudi kwenye taka. Kwa kuogopa kukosea, nilianza kuzificha za kwangu ndani ya sanduku la safari, chini ya masweta. Kilichonishinda kabisa ni chupa, kwa sababu chupa haina nafasi katika mapipa yale manne: hupelekwa barabarani, kwenye makontena ya vioo vyeupe, vya kahawia na vya kijani. Yangu ilikuwa ya bluu. Nilipomuuliza yule mtoto, alinionyesha bila kuinua macho kwamba ya bluu huingia kwenye kijani, kana kwamba hilo mtu huzaliwa akilijua.

Basi jana, Jumapili, maduka yamefungwa na mtaa umenyamaza kiasi cha kusikia njiwa akitembea, nilinyata na chupa yangu hadi kwenye kontena. Nilikuwa nimeinua mkono tu dirisha la ghorofani likafunguka, na bibi mmoja akaninyooshea kidole kwenye kibandiko: siku za kazi, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Nikamwamkia, nikageuka na chupa yangu kama niliyeitoa matembezini.

Leo ni Jumatatu na ruhusa ipo, ila nimepita pale mara tatu na bibi yule hajabanduka dirishani. Chupa imerudi sandukuni. Tiketi yangu inaniruhusu kilo 23 za kurudi nazo, na nimeshaanza kupiga hesabu.